Paka wa Sindano: Jibu Langu kwa Wanaonicheka

Huku Kakuma 1 nimepewa jina ambalo sikulichagua: daktari wa paka. Watoto wakiniona nimebeba mfuko wa mabaki ya bucha wanaliimba. Vijana wenzangu pale kibanda cha kuchaji simu wanacheka. Juzi kiongozi mmoja wa bloki, mtu mzima ninayemheshimu, alinisimamisha mbele ya watu akasema: "Kijana, binadamu wanakosa dawa, na wewe unampiga paka sindano ya sukari. Huoni aibu?"

Sikumjibu pale. Mkubwa hajibiwi barabarani. Najibu hapa, taratibu, na ninawajibu pia wale wa mashirika wenye wanasoma maandishi yetu, kwa sababu sehemu kubwa ya maneno haya ni ya kwao.

Kwanza mjue tunazungumzia nani. Ni paka dume, rangi ya machungwa, amehasiwa, miaka yake ni kama 11. Aliokotwa akiwa mdogo karibu na kompaundi ya shirika moja (jina sitaji), akalelewa humo ndani na mfanyakazi mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho ndiye alimpeleka Nairobi kwa daktari wa wanyama, baada ya kuona anakula kama ng'ombe na bado anakonda, anakunywa maji mpaka bakuli linakauka, anakojoa kila mahali, na miguu ya nyuma imelegea hadi anakanyagia kisigino. Jibu likatoka: kisukari. Mwaka 2025 pesa za misaada zilipokatwa, mkataba wa yule mfanyakazi haukuongezwa. Akapewa wiki mbili afungashe vitu. Nyumba aliyoenda kukaa hawakubali mnyama. Paka akabaki.

Mimi ni volontia. Nina cheti cha sekondari na posho, mshahara sina. Lakini nilikuwa naingia kompaundi ile kwa kazi na paka alikuwa ananijua. Nikamchukua nimlee kwa muda, mpaka mwenyewe apate pa kumweka. "Kwa muda" hiyo sasa ni mwezi wa nane. Nyinyi wenyewe mnajua kwa muda maana yake nini hapa. Kambi hii ilianza 1992, nayo ilikuwa ya muda.

Watoto wa bloki walimbatiza Tajiri. Sababu zao ni mbili: anakula nyama asubuhi na jioni, na ana ugonjwa wa matajiri.

Hapo kwa "ugonjwa wa matajiri" nataka tusimame kidogo, kwa sababu neno hilo linaua watu. Wengi wa wagonjwa wa kisukari duniani wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani ni watu kama sisi na majirani zetu wa Turkana. Lakini mtu wa kambi akisikia kiu isiyoisha, anasema ni jua. Nani hana kiu Kakuma? Akiamka mara nne usiku kukojoa, anasema ni baridi ya alfajiri au ni uzee. Akikonda, anasema ni mgao umepunguzwa, na hapo mara nyingi anasema kweli. Dalili zote za sukari zinafanana na maisha yetu ya kawaida. Ndiyo maana zinapita bila mtu kushtuka.

Mama mmoja wa bloki yetu alikuja kumtazama Tajiri akichomwa. Alikuja kucheka kama wengine. Akauliza nilijuaje kwamba anaumwa, nikamweleza: maji, mkojo, njaa, kukonda. Akanyamaza. Kesho yake akarudi na maswali mengi kuliko ya mtu anayeuliza habari za paka. Nikamwambia, mama, nenda kliniki wakupime, tone moja la damu tu. Alienda. Sasa ana kadi yake ya kliniki. Sitaki kusema paka alimwokoa, watu wanapenda kutengeneza hadithi tamu kutoka kwa vitu vidogo na mimi sipendi. Nasema tu kwamba miaka yote aliyoishi hapa hakuna mtu aliyewahi kumtajia zile dalili nne kwa pamoja, kwa lugha anayoielewa, akiwa ametulia. Mabango yapo. Yamebandikwa ndani ya kliniki, yanasomwa na watu walioshafika kliniki.

Kazi yenyewe iko hivi, kwa sababu wengi mnaonicheka hamjui hata mnacheka nini. Saa kumi na mbili asubuhi namwekea chakula. Nangoja nione kama anakula. Akila, nachukua sindano ndogo ya insulini, navuta hadi mstari mdogo wa kwanza, yuniti 1, nainua ngozi ya ubavuni, nachoma. Imeisha. Anaendelea kula, hata hageuki. Saa kumi na mbili jioni narudia. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tumerahisishiwa, ni kumi na mbili na kumi na mbili. Asipokula, sichomi, napiga simu kwanza. Insulini ikizidi, sukari inashuka, paka anayumba kama mlevi, anaweza kushikwa na degedege na kufa. Kwa hiyo asali iko kwenye rafu karibu na mlango, ya kumpaka kwenye ufizi wakati tunatafuta msaada, na hakuna anayeruhusiwa kuitia kwenye chai.

Jambo moja daktari alilirudia kwenye simu mpaka nikachoka: baadhi ya insulini za wanyama zina yuniti 40 kwa kila mililita, na za binadamu tunazozijua huku zina yuniti 100. Kila moja ina sindano yake. Ukichukua ya 100 ukaivuta kwa sindano ya 40, umempa mara mbili na nusu ya kipimo. Kwa mnyama wa kilo 5 hilo ni jambo la kufa. Mwenye kuwalea wanyama wa namna hii aandike namba hizo ukutani.

Chakula ni habari nyingine. Paka ni mla nyama, mwili wake haukuumbwa kwa ugali, mtama wala maharagwe, na paka mwenye sukari ukimlisha wanga unamwaga mafuta kwenye moto. Mimi nachukua mapafu na mabaki ya mbuzi kwa bucha, na omena, wale sisi wa Kongo tunaita ndakala, waliokaushwa bila chumvi. Ni rahisi kuliko mnavyofikiri. Mapafu hakuna mtu anayagombania. Na paka, tofauti na binadamu wengi, akianza matibabu mapema na chakula kikawa sawa, kuna wakati sukari inatulia hadi anaachishwa sindano kabisa. Haitokei kwa wote. Tajiri hajafika hapo, lakini ameongeza uzito, na miguu ya nyuma imeanza kusimama.

Sasa joto. Mmoja wenu alisema kwa dharau, huyu anaweka wapi hiyo insulini, kwani hema lake lina friji? Sina friji. Nina mitungi miwili ya udongo, mmoja ndani ya mwingine, katikati mchanga wenye maji, na kitambaa kibichi juu. Insulini iko ndani, imefungwa kwenye mfuko usiopitisha maji. Na hii si uchawi wala ujanja wangu. Labda hamkuwahi kuambiwa kwamba utafiti muhimu kuhusu jambo hili ulianzia kwa wakimbizi wa Kenya hii hii. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto ndani ya nyumba za watu kule Dagahaley, Dadaab. Lilikuwa linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Wakaijaribu insulini katika joto kama hilo maabara, na mwaka 2021 wakachapisha matokeo: kwa wiki 4 haikupoteza nguvu yake. Kabla ya hapo watu wa kule walikuwa wanatembea hadi hospitali kila siku kuchomwa, kwa sababu iliaminika kwamba mtu asiye na friji hawezi kukabidhiwa dawa yake. Kakuma kuna siku joto linapita 37, ndiyo maana sikuridhika bila mitungi. Lakini fikirieni: watu waliishi miaka mingi wakifungwa na imani kwamba nyumba ya mkimbizi haifai kuweka dawa. Kipimajoto ndicho kiliwafungua.

Nije kwa hoja ya kiongozi wangu, kwa sababu ni nzito na sitaki kuipita pembeni.

Anasema binadamu wanakosa. Ni kweli. Nimewaona wazee wakiambiwa warudi wiki ijayo. Nimewasikia watu wakisema wanachoma nusu ya kipimo ili dawa ifike mwisho wa mwezi. Ninayeandika haya ndiye nilimshika mkono mzee mmoja wa Kirundi kutoka foleni hadi kivulini.

Basi tuzungumze hesabu wazi. Insulini ya Tajiri ni ya binadamu, ile ya muda mrefu inayoitwa glajini. Inanunuliwa duka la dawa na yule mwenyewe aliyeondoka, kwa pesa yake, inakuja na basi ikiwa imefungwa na barafu. Hakuna tone lililotoka kliniki ya kambi na halitatoka, hata wakinipa. Hiyo ni sheria yangu ya kwanza na kila mtu wa bloki anaijua. Katriji moja ina yuniti 300. Paka anatumia 2 kwa siku. Ikishafunguliwa inatakiwa itupwe baada ya siku 28, na kwa siku 28 yeye ametumia 56. Zinabaki 244, zinatupwa.

Ndiyo, zinatupwa. Nimeandika mwenyewe kabla hamjanishika nayo. Nilichukua katriji nikaenda nayo kliniki, nikauliza, hii iliyobaki haiwezi kumsaidia mtu? Klinikali ofisa aliniangalia kwa upole, akasema hapana. Imefunguliwa, hakuna anayeweza kuthibitisha ilikaa katika joto gani, wagonjwa wengi hapa wako kwenye aina nyingine ya insulini, na kumbadilishia mgonjwa aina na kipimo kwa mabaki ya mtu mwingine ni kumweka hatarini. Alikuwa sahihi. Iliniuma na bado inaniuma kila mwezi ninapoitupa. Kama kuna mfamasia anasoma hapa na anajua katriji ndogo zaidi, aseme.

Lakini tuendeleze hesabu hadi mwisho, tusiiachie katikati pale inapotufurahisha. Tajiri akifa kesho, ni mzee yupi atapata dawa kesho kutwa? Hakuna. Pesa ya yule mfanyakazi haitageuka kuwa bajeti ya kliniki. Itabaki mfukoni mwake, na yeye mwenyewe saa hii hana kazi. Shehena iliyochelewa itaendelea kuchelewa. Paka hakukata bajeti. Paka hakufunga mlango wa Marekani Januari 2025 wakati watu wa bloki hii walikuwa wameshauza vitanda wakisubiri ndege. Hasira ya yule mzee ni halali kabisa, mimi ninayo pia. Shida ni kwamba imepotea njia, imetafuta kitu kilicho karibu na kidogo, kisichoweza kujibu. Na sisi tunajua vile inauma kuwa hicho kitu. Wenyeji wakikosa maji, si ni sisi tunaangaliwa?

Mnataka kujua nani anastahili swali la "huoni aibu"? Insulini ilipatikana Toronto, Kanada, mwaka 1921, na Banting na Best waliijaribu kwanza kwa mbwa. Januari 1922 mtoto wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa wa kwanza kutibiwa nayo. Mwaka 1923 wagunduzi waliuza haki ya ugunduzi wao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja, kwa makusudi, ili dawa isiwe ya kutajirisha watu. Imekuwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza, 1977. Leo, miaka zaidi ya 100 baadaye, kampuni 3 zinashika sehemu kubwa sana ya soko la dunia nzima, na mzee wa Kirundi anachoma nusu. Hapo ndipo aibu ilipo, na haina manyoya.

Na kwa miaka kama 60, hadi insulini ya kutengenezwa maabara ilipoanza kuruhusiwa 1982, binadamu walichomwa insulini iliyotolewa kwenye kongosho za nguruwe na ng'ombe waliochinjwa. Mbwa walikufa maabara, nguruwe na ng'ombe wakatoa kongosho. Kwa hiyo mtu akiniambia insulini ni ya binadamu, mnyama anaitakia nini, namuuliza anafikiri tuliitoa wapi.

Kuna kundi la pili, hawa ni wapole zaidi, na kwangu ni hatari zaidi. Wengi ni wa mashirika. Wanasema: "Kaka, umefanya vizuri, lakini ni mzee, anateseka, kwa nini usimlaze tu?" Neno laini, kulaza. Linafaa Nairobi, ambako kuna daktari, kuna dawa ya usingizi, kuna meza safi. Tena nakubali kuna siku ambayo ndilo jambo la huruma kuliko yote, na ikifika kwa Tajiri sitajificha. Lakini hapa Kakuma nani atamlaza? Maafisa wa mifugo wa hapa kazi yao ni mbuzi, kondoo na ngamia, na wana haki, maana hao ndio uhai wa Waturkana. Kumpeleka mahali kwenye daktari wa paka nahitaji pasi ya kusafiri. Paka haihitaji. Ni mimi mbebaji ndiye nahitaji. Kwa hiyo "kumlaza" kwa Kakuma maana yake ni gunia na jiwe kwenye laga ya Tarach. Mseme hivyo basi. Mseme "kwa nini usimpige jiwe," tuone kama sentensi bado ni ya upole.

Halafu, anateseka wapi? Mnyama anayekula vizuri, anayelala kwenye kivuli cha mtungi wa maji, anayechomwa sindano bila kugeuka. Wanaosema anateseka hawajawahi kuingia ndani kumwona. Wamesikia "mzee" na "mgonjwa", wakajumlisha wenyewe.

Wengine wananishauri nichukue kitoto cha paka, wapo wengi, wazuri, wazima, na watakamata panya. Hapa sitawaridhisha. Ningeweza kumtetea Tajiri kwa panya. Ningesema mgao wa unga unaliwa na panya, panya wanaita nyoka, paka mmoja anatunza nyumba tatu. Yote kweli kwa paka mwingine. Tajiri hakamati kitu. Alijaribu mjusi mwezi uliopita, mjusi akaenda zake bila haraka.

Sitamtetea kwa faida yake kwa sababu nimechoka na lugha hiyo. Sisi ndio tunaulizwa kila siku tuna faida gani. Mwaka 2025 tulipangwa kwa makundi, nani anahitaji zaidi, nani kidogo, nani ajitegemee, na watu walikaa kwenye foleni wakitafuta udhaifu wao ili wauonyeshe, au nguvu zao ili wazifiche. Kijana akienda semina anafundishwa kujieleza kama biashara. Mzee asiye na nguvu hana semina. Na kwenye kesi za kuhamishiwa nchi ya tatu, si sote tunajua familia iliyokaa miaka ikiamini faili lao limekwama kwa sababu ya bibi mgonjwa, na bibi mwenyewe akilia usiku akisema nendeni mniache? Nimelisikia hilo kwa masikio yangu, kupitia ukuta wa bati. Kwa hiyo ukinijia na hesabu ya kwamba mzee na mgonjwa aachwe achukuliwe mdogo na mzima, mimi nasikia kitu kingine kabisa, na utanisamehe nikipandisha sauti.

Hapa kambini tunajua kulea. Watoto waliovuka mpaka peke yao walipokelewa na familia walezi, hata kabla karatasi hazijaandikwa. Mama anakaa na watoto sita, anaongeza wa saba. Lakini tuseme ukweli: wadogo walichukuliwa haraka, wenye kifafa na wenye ulemavu walisubiri. Kama kuna kitu kimoja nimekijua kwa miaka hii ya kujitolea, ni kwamba mwenye kusubiri mwisho ndiye aliyetakiwa kuangaliwa kwanza.

Wanaosema paka mzee ni mchawi, nitapita haraka. Sisi Wakongomani tuna hadithi nyingi za paka wa usiku, nazijua, nimelala nazo utotoni. Majirani zangu Wasomali hawana shida hiyo. Wao wanajua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie, na mama mmoja wa kwao ndiye ananiwekea mapafu nikichelewa. Inatosha.

Sasa nyinyi wa mashirika. Mnasoma hapa, mnaweka alama ya moyo, mnapita. Leo mkae kidogo.

Kila kompaundi ina paka. Mnaokota kitoto, mnampa jina, mnampiga picha, kwa sababu jioni Kakuma ni ndefu na nyumbani ni mbali. Sioni ubaya, upweke ni upweke. Ubaya uko mwishoni. Mkataba unaisha, anayefuata hapendi paka, au anapenda lakini na yeye anaondoka baada ya miezi sita. Mnyama aliyezoea chakula cha mkebe anaachwa langoni. Mlinzi, ambaye mara nyingi ni mkimbizi au Mturkana, ndiye anabaki na macho yake. Mnaondoka na machozi ya kweli, nimeyaona, na mnaacha mkebe mmoja.

Yule aliyeniachia Tajiri simlaumu, kwa sababu alifanya ambacho wengi hamfanyi. Aliniuliza kwanza kama naweza. Alikaa na mimi siku kumi asubuhi na jioni hadi mkono wangu ukaacha kutetemeka. Aliandika kila kitu kwenye daftari kwa Kiswahili: kipimo, dalili, namba za sukari. Aliniachia kipimo cha damu, akanionyesha kumtoboa pembeni ya sikio, akaniambia kipimo cha binadamu kikimpima paka huwa kinasoma chini kidogo kuliko hali halisi, na paka akiogopa sukari inapanda yenyewe, kwa hiyo nisibadilishe kipimo kwa akili yangu, nitume namba kwa daktari. Na kila mwezi dawa inafika. Hata sasa hana kazi, inafika.

Hicho ndicho kiwango. Mkitaka mnyama aliye na ugonjwa wa maisha, jueni kwamba mkataba wenu ni mfupi kuliko maisha yake. Mwandalieni pesa na daktari wa simu kabla hamjafunga begi. Msimwachie mtu wa posho mzigo wa mtu wa mshahara halafu mkamsifu kwa moyo wake mkubwa. Moyo wangu ni wa kawaida. Nauli ya basi ya kile kifurushi ni pesa halisi.

Na tafadhali, msituletee mradi. Nimeona watu wakisikia jambo kama hili wanatafuta jina la Kiingereza, fulana, semina ya siku mbili na chai ya maziwa. Mkiwa na pesa ya semina kuhusu kisukari, leteni vijiti vya kupimia sukari, pimeni watu kwenye bloki zao, jioni, wakati wamerudi kutoka kutafuta kuni. Mimi nitazunguka nanyi bure, na sitaleta paka.

Kwa kiongozi wangu wa bloki, kwa heshima: nitakuja kwako Jumamosi, tukae, unielekeze majina ya wazee wote wa bloki wenye sukari unaowajua. Nimejifunza kuvuta yuniti moja bila kukosea, kwa mkono usiotetemeka, kwenye mnyama asiyeweza kuniambia anapoumia. Kuna wazee hapa macho yameisha, hawaoni mistari ya sindano, wanakisia. Hao naweza kuwasomea, kama kliniki itakubali na wao wenyewe wakitaka. Nilikuwa siwezi mwaka jana.

Na kwa vijana: faili langu nalo liko mahali, siku moja huenda likasogea, na Tajiri atahitaji mlezi mwingine wa muda. Anayetaka kujifunza aje, sindano ni saa kumi na mbili. Aje amenawa mikono, na asivae manukato makali, hayapendi.